Voi–Taveta, Kwale au barabara ya Malindi: ipi itakupa mnyama, na ipi itakupa picha?

Ukitoka kisiwani Mombasa, kila barabara kuu inakupeleka kwa wanyama. Ukivuka Makupa na kushika njia ya Nairobi, mbele yako ni Tsavo. Ukivuka Likoni kwa feri au ukazungukia Dongo Kundu, kuna Kwale na Diani. Ukipita daraja la Nyali kuelekea Mtwapa na Kilifi, utaufikia msitu wa Arabuko Sokoke kabla hujafika Malindi. Zote ni barabara za umma. Hulipi ada ya mbuga, na bado ndovu anaweza kusimama mbele ya bampa lako.

Watu huniuliza ni ipi yenye wanyama wengi. Mimi naona hilo ni swali la pili. La kwanza ni muda: mnyama akitokea ghafla, atakaa sekunde ngapi, na wewe utasimama wapi? Kuna mahali utapita kundi zima la ndovu usipate picha hata moja kwa sababu nyuma yako kuna trela la tani thelathini. Na kuna mahali utaona mnyama mmoja tu, mdogo, ukarudi nyumbani na picha ambayo watoto hawatachoka kuitazama.

Nitoe uamuzi wangu mapema. Kwa mwenye gari na siku nzima, Voi–Taveta haina mpinzani. Kwa asiye na gari, au mwenye nusu siku tu na watoto wadogo, Diani. Kwale ni ya mwenye subira, na Malindi ni ya asubuhi tu, kwa sababu nitakazoeleza. Barabara ya Nairobi yenyewe ni ya kupitia, si ya kupigia picha.

Barabara ya Nairobi: wanyama wapo, nafasi hakuna

Baada ya Mariakani, Samburu na Taru, nyumba zinapungua na udongo unaanza kuwa mwekundu. Ukipita Mackinnon Road na lango la Buchuma hadi Maungu na Voi, uko katikati ya eneo la ndovu, hata kama unachokiona ni malori tu. Upande wa kulia ni Tsavo Mashariki. Upande wa kushoto ni maranchi ya Taita, yanayofanya ushoroba wa Kasigau, yaani njia ya wanyama, kuelekea Tsavo Magharibi. Ndovu hawajui kwamba binadamu aliligawa eneo hili kwa lami na reli. Wanafuata maji na malisho kama walivyofundishwa na mama zao, na njia yao inakata barabara. Reli mpya ya Mombasa–Nairobi (SGR) ilipojengwa iliachiwa vivuko vya chini, na wanavitumia, lakini barabara ya lami wanaivuka juu kwa juu.

Kwa hiyo uwezekano wa kuwaona ni mkubwa, hasa miezi ya ukame. Ndovu wa huku ni wekundu kama udongo wenyewe, kwa sababu wanaoga vumbi na matope yake. Mgeni akiwaona mara ya kwanza huamini ni aina nyingine kabisa.

Tatizo ni kusimama. Bega la barabara ni jembamba sehemu nyingi, mabasi yanakimbizana na muda, na dereva wa lori aliyetoka bandarini usiku hatarajii gari dogo lisimame ghafla kwa ajili ya picha. Nasema kwa moyo wote: usisimame hapa kwa mnyama aliye mbali. Kama ndovu wanavuka, washa taa za dharura mapema, punguza mwendo taratibu ili walio nyuma nao wapunguze, na mwache abiria apige akiwa amekaa. Kama haiwezekani, tazama kwa macho na uende zako. Picha nzuri zinakungoja mbele, ukishapinda kushoto pale Voi.

Voi–Taveta: barabara niipendayo

Kutoka Mombasa hadi Voi ni kama kilomita 150, na kutoka Voi hadi Taveta ni zaidi kidogo ya 100. Si lazima ufike Taveta. Ukipita Mwatate na Bura, ukafika Maktau, barabara inaingia ndani ya Tsavo Magharibi na kuikata hadi upande wa Mbuyuni. Ni lami safi, magari ni machache, na pande zote mbili ni mbuga. Hulipi chochote maadamu unabaki kwenye barabara kuu.

Uzuri wa kwanza ni uwazi. Vichaka ni vifupi, majani hupukutika wakati wa kiangazi, na unamwona punda milia akiwa bado yuko mbali, kwa hiyo una muda wa kupunguza mwendo, kuangalia kioo cha nyuma na kuegesha kabla hujamfikia. Hilo peke yake linabadilisha kila kitu. Barabara ya Kwale mnyama hukushtukia wewe. Hapa wewe ndiye unayemtangulia kumwona.

Uzuri wa pili ni jua, na hili wengi hawalifikirii. Ukitoka Voi asubuhi unaelekea magharibi, jua liko mgongoni, na kila mnyama aliye mbele yako amemulikwa usoni. Ukirudi jioni unaelekea mashariki, jua liko mgongoni tena. Barabara imekupangia mwanga kwenda na kurudi. Na asubuhi mapema, kabla ya mawingu kukusanyika, Kilimanjaro inaonekana mbele, mita 5,895, na theluji yake kidogo iliyobaki. Twiga mwenye mlima nyuma yake ni picha ambayo watu hulipia pesa nyingi kuifuata.

Mnyama wa barabara hii, kwangu mimi, ni swala twiga. Shingo ndefu nyembamba, kichwa kidogo, masikio mapana. Asubuhi moja karibu na Maktau, ndani ya matatu ya kwenda Taveta, alikuwepo mmoja hatua chache kutoka kwenye lami, amesimama kwa miguu ya nyuma, miguu ya mbele ameiegemeza kwenye mgunga, anachuma majani madogo yaliyo juu kuliko mbuzi yeyote angefika. Hakutukimbia. Dereva, mtu mzima, akapunguza mwendo bila kuombwa, na dada aliyekaa dirishani akainua simu.

“Mwanangu, fungua dirisha kwanza,” dereva akamwambia. “Ukipigia kwenye kioo utajipiga mwenyewe.”

“Ahsante, baba.”

Akafungua, akabonyeza, akapata. Na mdomo wa yule swala uliendelea kutafuna.

Wengine wa barabara hii ni choroa, pofu, ngiri anayekimbia na mkia wima, mbuni, na digidigi wengi sana. Digidigi huishi wawili wawili. Ukimwona mmoja amevuka, usiondoke. Mwenzake yuko kichakani na atamfuata, na huyo wa pili ndiye wa picha kwa sababu kamera yako tayari iko juu. Nyani nao ni hivyohivyo: wa kwanza ni askari wa doria, kundi liko nyuma. Kwa ajili ya usalama wao pia, ukimwona mmoja barabarani hesabu kwamba wapo ishirini.

Kasoro ipo. Ni safari ndefu, na lazima utoke Mombasa alfajiri gizani kupambana na malori hadi Voi, au ulale Voi. Ukiondoka saa tatu asubuhi utafika mchana, jua la utosi, wanyama wamejilaza kivulini, na joto linalopanda kutoka kwenye lami linatingisha picha hata kwa kamera ya bei. Na ukiona ndovu na ndama wake karibu na barabara, kaa mbali na ndani ya gari. Akitandaza masikio na kutikisa kichwa, rudi nyuma polepole bila kupiga honi.

Kwale na Kinango: karibu, lakini msitu unaficha

Kwale ni kama kilomita 30 tu kutoka Mombasa. Unapinda Kombani, unapanda kilima, na hewa inabadilika kabisa. Hifadhi ya Shimba Hills, iliyotangazwa mwaka 1968, ndiyo mahali pekee Kenya penye palahala, aina ya swala mkubwa: dume mweusi, tumbo jeupe, pembe ndefu zilizopinda kwenda nyuma. Lakini nisikudanganye. Palahala humwoni kutoka barabara ya umma. Kwa huyo lipia uingie hifadhini, na malipo ni kwa eCitizen, mfumo wa serikali wa mtandaoni, si taslimu.

Unachoweza kukuta barabarani ni ndovu, hasa ukiendelea kutoka Kwale kuelekea Kinango, njia inayopita karibu na hifadhi ya ndovu ya Mwaluganje. Hifadhi hii ilianza mwaka 1995 wakati wenye mashamba walipokubali kuacha kulima eneo ambalo ndovu hupita kati ya Shimba Hills na msitu wa Mwaluganje, na wao wakawa na haki ya mgao wa mapato ya watalii. Kuna wakati hata karatasi zilitengenezwa hapo kutokana na kinyesi cha ndovu. Nalitaja hili kwa sababu inafaa mpiga picha ajue yuko kwa nani. Ndovu anayekufurahisha wewe Jumapili ndiye aliyelala kwenye mahindi ya mtu Jumamosi. Ukimkuta mzee wa kijiji amesimama kando ya njia anatazama, msalimie kwanza, shikamoo mzee, ndipo uulize wamepita wapi. Atakuambia mengi kuliko programu yoyote ya simu.

Kwa picha, Kwale ni ngumu. Miti ni mingi, kona ni nyingi, na mnyama huonekana katika mwanya wa mita chache. Kima anavuka kwa sekunde mbili. Nguchiro hata sekunde moja haifiki. Asubuhi kuna ukungu na mwanga mdogo chini ya miti, na picha nyingi hutoka na ukungu wa mwendo. Faida yake ni kwamba ni karibu, unaweza kwenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana, na unaweza kurudi wiki ijayo. Mwenye kurudi mara kwa mara ndiye anayefaidi Kwale.

Diani: si wa ghafla sana, lakini wana uhakika

Hapa mnyama ni mbega, mweusi mwenye mabega ya manyoya meupe marefu. Anaishi kwenye mabaki ya msitu kati ya hoteli, na barabara ya ufuoni inakata makazi yake. Magari yaliwaua wengi. Shirika la Colobus Conservation, lililoanza mwaka 1997, limetundika ngazi za kamba juu ya barabara ili wavuke bila kushuka chini. Ukiegesha karibu na ngazi moja asubuhi au alasiri na kungoja, una nafasi nzuri ya kuwaona mbega, kima na tumbili wakipita juu ya kichwa chako mmoja mmoja.

Ukibahatika utaona mama aliyembeba mtoto mchanga. Mbega huzaliwa mweupe kabisa, kisha rangi hubadilika katika miezi michache ya mwanzo. Kitoto cheupe kwenye kifua cheusi, mkono mmoja umeshika manyoya ya mama: simu ya kawaida inatosha, kwa sababu yuko mita chache juu yako. Tahadhari moja ni anga. Ukipiga juu, mbingu nyeupe humfanya mbega kuwa kivuli. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu, kisha ongeza mwangaza kidogo.

Usiwape chakula. Nyani na tumbili waliozoea ndizi za watalii huishia kung'ang'ania madirisha ya magari, na mwisho wao huwa chini ya gurudumu.

Malindi: ukitoka mapema tu

Baada ya Kilifi, barabara inafuata ukingo wa mashariki wa Arabuko Sokoke, msitu wa kilomita za mraba 420 hivi. Ukielekea kaskazini, msitu uko kushoto na bahari iko kulia. Asubuhi jua linatoka upande wa bahari na kuupiga ukingo wa msitu moja kwa moja, kwa hiyo nyani aliyeketi kando ya lami anang'aa hadi kope zake. Alasiri jua liko nyuma ya msitu, ukingo wote ni kivuli, na mnyama uleule anakuwa doa jeusi. Barabara ni ileile, picha ni mbili tofauti kabisa.

Kutoka kwenye lami utaona zaidi nyani na kima, na hondohondo wakivuka juu. Mnyama ambaye msitu huu unajulikana kwa ajili yake ni sange (elephant shrew) mwenye makalio ya rangi ya dhahabu, mdogo kama sungura, na hatokei barabarani kwa starehe yako. Kwa huyo ingia kwenye magofu ya Gede, tembea polepole, na sikiliza majani makavu yakichakarishwa. Kima wa Gede wamezoea watu, kwa hiyo hata mtoto mwenye simu atatoka na kitu.

Na treni? Ndani ya SGR uko juu ya tuta na unaona mbali, na wengi huhesabu ndovu wakiwa wamekaa na chai. Lakini dirisha halifunguki, mwendo unafika kilomita 120 kwa saa, na huwezi kumwambia dereva angoje. Panda treni ukitaka kutazama, si kupiga picha.

Simu, kamera ya zumu, au kamera kubwa

Kwa picha ya ghafla, kinachoshinda ni kile kilicho mkononi na kimewashwa. Simu nyingi za Android zinafungua kamera ukibonyeza kitufe cha kuwasha mara mbili; jaribu yako nyumbani hadi kidole kizoee. Simu inatosha Diani na Gede. Inatosha pia kwa ndovu anayevuka barabara mbele yako. Haitoshi kwa ndovu aliye upande wa pili wa bonde: ukivuta kwa vidole, simu isiyo na lenzi ya kuvuta karibu inakata tu picha na kuikuza, na unabaki na doa la kahawia. Bora umpige mdogo ndani ya mandhari pana, na mgunga na mlima, kuliko kumkuza akaharibika.

Kamera ndogo yenye zumu isiyobadilishwa lenzi ndiyo ningemshauri mtu wa Voi–Taveta. Inamleta karibu swala aliye mbali, hubadilishi lenzi katikati ya vumbi, na za mtumba zinapatikana kwa bei ya simu ya wastani. Udhaifu wake ni mwanga hafifu, kwa hiyo Kwale kwenye ukungu itakusumbua.

Kamera kubwa yenye lenzi ndefu inatoa picha bora kuliko zote, hasa chini ya miti. Lakini ni nzito, inahitaji sekunde za kuinua na kulenga, na sisi wa Pwani tuna adui mwingine: unyevu. Hewa ya bahari inaotesha kuvu ndani ya lenzi iliyofungiwa kabatini. Vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, usitupe. Viweke kwenye mfuko wa kamera. Na ukitoka kwenye gari lenye baridi ya ac kuingia hewa ya asubuhi ya Shimba, kioo cha lenzi kitafunikwa na mvuke kwa dakika kadhaa, dakika zilezile alizopita ndovu. Zima ac mapema kabla ya kufika.

Kwa kamera yoyote yenye mipangilio, weka spidi ya shata sekunde 1/1000 kwa mnyama anayekimbia, 1/500 kwa anayetembea, na uiache hapo kabla hujaanza safari. Zima injini ukisimama, maana mtetemo wake unaingia kwenye picha. Mfuko mdogo wa maharage juu ya mlango wa gari, dirisha likiwa wazi, unashika lenzi imara kuliko mikono. Lenga jicho. Piga mfululizo, uchague baadaye. Na anayeendesha hapigi. Mkabidhi kamera aliye kando.

Msimu nao unachagua. Kuanzia Julai hadi mwanzoni mwa Oktoba, upepo wa kusi unapovuma na bara ni kavu, na tena Januari na Februari wakati wa kaskazi, wanyama wa Tsavo wanasogea kwenye mabwawa na vichaka havina majani. Mvua ikinyesha nyasi zinapanda na digidigi anapotea kabisa. Diani haijali msimu.

Kabla ya kuituma picha

Ukipata picha nzuri utataka iende kwenye kundi la familia papo hapo. Zima kwanza alama ya mahali kwenye mipangilio ya kamera ya simu. Sensa ya kitaifa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu ndovu 36,280 Kenya nzima, na Tsavo ndiyo yenye wengi kuliko eneo lingine lolote. Bado kuna watu wanaotafuta pembe, na wengine wanaotafuta nyama ya swala. Kwa twiga wa Maktau andika “barabara ya Taveta”, inatosha. Ukikuta mnyama amenaswa kwenye mtego wa waya au amegongwa, picha hiyo usiisambaze. Ipeleke, pamoja na mahali kamili, kwa askari wa KWS, shirika la serikali la wanyamapori, wa lango lililo karibu, Voi, Buchuma au Maktau, na uwaeleze ni upande gani wa barabara na karibu na nguzo ipi.